Kamba Niliyoenda Nayo Mukuyuni

Mutua wangu,

Huku Kasikeu tumeamka salama, na mbaazi zimetoa maua. Umeniuliza utapataje bei nzuri ya hilo gari kubwa jipya.

Nilipoolewa, nilienda soko la Mukuyuni kununua ng'ombe wa maziwa, nikiwa na kamba mkononi. Bei ilikuwa kali, nikamwambia muuzaji narudi nyumbani. Akaiangalia ile kamba, akacheka. "Sasa hiyo utaenda kufunga nini?" Hakupunguza hata shilingi.

Kwa hivyo wewe nenda mikono mitupu, na uwe tayari kuondoka kweli. Kitambaa cha kichwa cha kupandia hilo gari twende kanisani nimeshapiga pasi, lakini muuzaji usimwambie. Mimi nitangoja.

Ni mimi nyanya yako