Mguu wa Nyuma, wa Kushoto

3 Machi

Baba, shikamoo.
Sisi wazima, na mjukuu wako analia kwa sauti yako kabisa. Naandika haraka, naingia zamu. Kitanda ulichomchongea mtoto kimefika. Kimepinda, kinayumba. Mikono yako imekwisha kazi, Baba. Tumenunua kingine dukani. Pumzika sasa.
Mwanao

20 Aprili

Baba, shikamoo.
Hali yako? Wiki ya saba hii, kimya. Shangazi amenipasha kwamba umefunga karakana. Nimekosa nini?
Mwanao

2 Mei

Mwanangu, marahaba.
Mwili haujambo. Anayeandika ni shangazi yako, mimi nasema tu.

Unajua tangu macho yangu yaingie ukungu, barua zako husomwa karakanani, na mteja yeyote aliyepo. Napenda wasikie mwanangu anavyoandika. Ile ya Machi aliisoma mwenye oda ya milango sita. Alipofika kwenye mikono yangu akashusha sauti, lakini tulisikia wote. Kesho yake akaja kuchukua mbao zake, kwa adabu sana.

Nimeumia, sikufichi. Kitanda kikiwa na kasoro, sema kasoro iko wapi. Wewe umenizika mzima mzima. Mbao ukishaikata fupi hairefuki, mwanangu, na neno ni hivyohivyo.
Baba yako

Nami shangazi naongeza: anashinda amelala kama mgonjwa, na homa hana.

19 Mei

Baba, shikamoo.
Nimechana karatasi nne kabla ya hii. Nisamehe. Niliandika kama ninayejaza fomu kazini, nikasahau kwamba anayesomewa ni wewe.

Jana nilikitoa kitanda stoo, nikakiweka kwenye sakafu iliyo sawa, nikapima. Mguu wa nyuma, wa kushoto, umepungua milimita nne. Mingine mitatu iko sawasawa. Viungo vyote vimeshika, na msumari hakuna hata mmoja. Hiyo ndiyo kasoro yote, Baba. Nimekunja kadibodi nikaiweka chini ya mguu, na mtoto kalala humo hadi asubuhi.

Sasa nishauri: niikate ile mitatu, au niurefushe huo mmoja?

Naomba barua hii isomwe karakanani, na mwenye milango awepo.
Mwanao

8 Juni

Mwanangu, marahaba.
Usikate kitu. Kwa msumeno wako wewe, mjukuu wangu atalala sakafuni.

Kwenye bahasha kuna kisigino cha mbao ngumu, milimita nne. Nimepima kwa kidole, shangazi yako akahakikisha kwa rula, akakuta sijakosea. Kibandike chini ya ule mguu kwa gundi kidogo, usimimine kama uji.

Mwenye milango tulimwita. Alisoma mwenyewe, kisha akarudia bila kuombwa. Alipomaliza akauliza kama karakana itafunguliwa. Nikamwambia imeshafunguliwa, si umekaa ndani yake?

Oda ya milango sita hajairudisha. Ameleta mbao za mmoja, anijaribu. Naanza kesho asubuhi.
Baba yako, fundi