Njoo Unitilie Chumvi

Mkula,
12 Julai 1997

Dada yangu Apolonia,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeketi barazani na si kitandani, na kwamba goti limekuachia walau ufike kanisani. Shemeji na wajukuu wote wa hapo Mahenge nawasalimu. Huku mpunga umekubali, tumeshavuna. Hermenegildi wangu hajambo. Anakula, anashukuru, anatoka. Mimi ningeandika kuwa ni mzima, lakini leo sitaki kukudanganya.

Jumanne nakwenda Ifakara kuonana na daktari wa akina mama. Yote yalianza na joto. Linaanzia kifuani, linapanda usoni, nalowa jasho hata asubuhi ya baridi, na usingizi ndiyo basi tena. Hermenegildi akasema ni malaria. Nikameza klorokwini mpaka nikajikuna kama mbuzi mwenye upele. Juzi nesi wa zahanati alinicheka, akasema hiyo si malaria, ni utu uzima unabisha hodi. Nilitaka kukasirika, ila yule binti ana maneno matamu. Akasema siku za mwanamke zikishakatika mwaka mzima, halafu damu irudi, asikae nyumbani, awahi hospitali. Akaniuliza kama zangu bado zinakuja. Rosemery alikuwa ameketi pembeni yangu, basi nikajibu zinakuja kama kawaida. Akasema hata hivyo nikamwone daktari, nijiandae kumweleza zinavyokuja, na mama yetu zake zilikatika akiwa na umri gani.

Rosemery humjui. Ni mke wa Gosbert, jirani yetu, anaweza kuwa mwanangu. Mimi Mungu alinipa wavulana watupu, nao wametawanyika, kwa hiyo nikiwa katika siku zangu, nisipoweza kugusa chumvi kwa ule mwiko tuliolelewa nao, nilikuwa namwita yeye aje anitilie chunguni. Akija hatii akaondoka. Anavuta kigoda, ananisimulia visa vya mama mkwe wake, tunaonja mboga mpaka nahofia Hermenegildi atakuta mchuzi mtupu. Siku nyingine hapana mtu anayeingia jikoni kwangu, dada. Naongea na kuku. Utasema si ningemwita tu aje tuongee, lakini mama mkwe wake ni mkali, hamruhusu kwenda kupiga soga kwa watu. Chumvi ndiyo hawezi kuikataza.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Siku zangu zilikatika mwaka juzi, mpunga ukiwa bado shambani. Sikumwambia mtu. Kila mwezi niliendelea kuita kutoka mlangoni, Rosemery, njoo unitilie chumvi. Na wiki iliyopita damu ilirudi kweli. Hakuna aliyeshtuka. Kwao ni mwezi kama miezi mingine. Anayejua kuwa si kawaida ni mimi peke yangu, na ninaogopa, dada, ninaogopa sana.

Daktari sitamficha. Ila Rosemery ndiye atakayenisindikiza, na sikutaka aje aelewe mambo haya hospitalini mbele ya watu. Jana alipokuja nilimshika mkono kabla hajafungua kopo la chumvi, nikamweleza yote. Akatazama moto. Nikajua nimempoteza. Kisha akasema basi mama mkwe wake asijue, akatia chumvi, akavuta kigoda.

Jibu lako halitawahi Jumanne. Habari za mama nitamwambia daktari kuwa sijui. Lakini mimi mwenyewe nataka kujua, maana wewe uliolewa jirani naye, na ndiwe uliyekuwa ukimtilia chumvi. Nakumbuka nilipokuja kuwasalimu, kichwa chake chote kilikuwa mvi, wajukuu wamekuwa wakubwa, naye bado anasimama mlangoni kukuita. Tulimcheka, tukasema mama ana damu ya ujana. Sasa sicheki.

Niombee Jumanne. Msalimu kila anayeniulizia, na goti ulikande kwa maji ya moto usingoje likuchoshe. Ukinijibu niambie hili moja tu, dada: ulikuwa ukikaa naye kidogo, au ulikuwa ukitia chumvi na kuondoka?

Mdogo wako akupendaye,
Balbina