Kengele ya Barua Pepe Imenyamaza Tangu Aje Binti Huyu

Manyoni, 6 Oktoba 2004

Mpendwa Mama Stumai,

Bwana Yesu asifiwe. U mzima wa afya, na hapo nyumbani hawajambo wote? Wewe hunijui ila mimi nakujua kwa kukusoma kila Alhamisi. Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunangoja mvua, na mguu wa mume wangu Simeoni umepata nafuu. Naomba msaada wako, lakini usinijibu kwa barua pepe, nijibu gazetini, maana barua pepe ya hapa inafunguliwa na yule yule ninayetaka kumsema.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, elimu yangu darasa la saba, na natumika ofisi ya kanisa tangu Simeoni alipopunguzwa kazini. Nakaa chumba cha nyuma kwenye mashine ya kudurufu. Miaka mitatu iliyopita wafadhili walituletea kompyuta ikawekwa chumba cha mbele, fundi akaja kutufundisha, akasema ikiwasumbua izimeni muiwashe, itaanza upya. Sasa huku watu hawana anwani zao, kwa hiyo watoto walioko masomoni na wanunuzi wa asali wote wanaandika kwa anwani ya ofisi, na barua ikiingia kompyuta inalia ting, basi mimi naacha kudurufu, nanawa wino mbio mbio, naichapa, naikunja, naandika jina, na Jumapili ibada ikiisha nasimama mlangoni naita majina na akina mama wanapiga vigelegele. Wakaniita Mama Barua. Usinicheke, Mama Stumai, ile ting nilikuwa naisikia hata nikiwa nasonga ugali nyumbani.

Mwezi wa nane alifariki mlinzi wetu Mzee Alute, na kwa kuwa hakuwa na ndugu wa karibu msiba uliwekwa hapo hapo uani. Redio tukafunga, na mimi kwa heshima ya marehemu nikaingia kwenye kompyuta nikaondoa ile alama ya vema inayofanya barua zilie, kama fundi alivyonionyesha, na siku ya tatu tulipoanua turubai nikaizima kompyuta nikaiwasha, ianze upya. Jumatatu yake akaja Scola.

Scola ana miaka ishirini na tatu, ana cheti cha kompyuta, anaandika huku anakutazama usoni, vidole vinakimbia vyenyewe. Mchungaji akamweka chumba cha mbele. Na tangu siku hiyo barua hazijalia tena. Spika si mbovu, maana akiweka nyimbo za kwaya zinasikika hadi barabarani. Nikamwuliza, "Scola, mbona siku hizi barua hazilii?"

"Shikamoo mama. Kwani zilikuwa zinalia? Mimi naziona tu hapa."

Kwani zilikuwa zinalia! Hapo nikajua ameizima makusudi. Mimi huko nyuma nitajuaje barua imeingia? Nikija nakuta ameshachapa, ameshakunja, na Jumapili ni yeye mlangoni na sauti yake nyembamba. Mchungaji anamwita "Scola mwanangu", mimi ananiita "mama" kama anavyowaita wote. Mama Leah nimempelekea barua za mwanawe miaka mitatu akinipa asante tu, lakini Scola kampelekea moja akapewa kibuyu cha asali ya Rungwa, na mbele za watu Mama Leah akaniambia, "Mama Peniel, umestaafu lini mbona hatujala pilau?" Wakacheka. Nami nikacheka. Nikafika nyumbani nikashindwa kula.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Ijumaa iliyopita Scola alikwenda posta, nikakaa kwenye kiti chake, nikaunganisha laini ya simu, ikaingia barua moja, kimya kimya, na ilikuwa ya kwake. Anaitwa Arusha kwenye usaili tarehe mosi Novemba, kazi ya chuo, na athibitishe kabla ya tarehe ishirini na mbili mwezi huu. Nikajisemea, na hii tena apate yeye? Nikaichapa, nikaifuta kwenye kompyuta, na karatasi nikaificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Jana ameniuliza, "Mama, hakuna barua yangu iliyoingia siku ile?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi labda hawajanitaka," akaniletea chai.

Nimefunga siku mbili, sala haipandi. Naomba unieleze namna ya kuirudisha kengele, na hili la karatasi nilifanyeje. Tafadhali nijibu upesi.

Mama Peniel

*

Mama Peniel, dada yangu,

Afya ninayo, nashukuru, na poleni na msiba. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, na utaona sababu.

Nianze na kengele. Scola hajazima kitu. Aliyezima ni wewe, na umeniandikia kwa mkono wako. Fundi alisema kweli kwamba kompyuta ikizubaa unaizima na kuiwasha, lakini alama uliyoiondoa mwenyewe haijirudishi. Kompyuta inakumbuka ulichoiagiza. Binti amekuja Jumatatu akakuta kimya, hajawahi kuisikia hiyo ting hata mara moja, ndiyo maana akakuuliza kwani zilikuwa zinalia. Alikuwa anauliza. Wewe ukasikia kejeli, kwa sababu wivu ulikuwa umeshakaa kitini kabla yake.

Fungua programu ya barua pepe. Pale juu bonyeza Tools, kisha Options, na kwenye ukurasa wa General tafuta mstari unaosema Play sound when new messages arrive. Weka alama ya vema kwenye kisanduku chake, bonyeza OK. Ikibaki kimya, nenda Start, Control Panel, ingia penye mambo ya sauti, na kwenye orodha ya milio tafuta New Mail Notification. Ukikuta haikupangiwa mlio wowote, ichagulie mmoja, bonyeza kile kimshale usikie kwanza, ndipo ukubali. Halafu mwombe mtu awatumie barua ya majaribio. Na ukumbuke, laini ya simu isipounganishwa, au programu ikifungwa, hakuna kitakacholia hata ufunge na kusali.

Kengele imekwisha. Sasa wewe.

Kunyang'anywa kazi uliyoipenda kunauma, na Mama Leah alikukosea kukufanya kichekesho mbele za watu. Mwambie Mchungaji waziwazi: naomba kuita majina mlangoni iwe kazi yangu. Umeshawahi kumwambia? Hujamwambia. Umekaa chumba cha nyuma unangoja aote.

Lakini hiyo karatasi, Mama Peniel! Unalia kwamba binti amekuzibia njia, na barua ya kumpeleka Arusha ndiyo hiyo umeificha. Hata wivu wako haukukupigia hesabu vizuri. Na wewe miaka mitatu umeaminiwa kushika barua za mji mzima kwa sababu hukuwahi kumnyima mtu ya kwake. Jina la Mama Barua hukunyang'anywa na Scola. Ulilivua mwenyewe Ijumaa ile, halafu ukanywa chai yake.

Leo ni Alhamisi tarehe kumi na nne. Zimebaki siku nane. Inuka sasa, chukua karatasi, mpe mkononi, si mezani. Usimwambie imechelewa njiani. Mwambie, "Niliificha, nilikuonea wivu, nisamehe." Kisha kaa pembeni yake mpaka aandike jibu na barua itoke. Akikukasirikia, mpe haki yake akukasirikie.

Na jambo moja ulijue. Majina yenu nimeyabadilisha kama ninavyofanya siku zote. Msiba wa mlinzi sikuubadilisha, wala Arusha, wala tarehe, na sikusahau. Gazeti hili linafika na kwenu kwa basi la mchana, na huyo ninayemwita Scola anajua kusoma kuliko mimi na wewe. Akifika kwenye mstari huu atajijua. Hakikisha akifika hapa awe ameshayasikia yote kinywani mwako.

Niandikie upesi uniambie amejibu nini.

Mama Stumai