Mume wangu anaomba kura kwa shali ya mtoto wetu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana nimefika mahali sijui hata niombe nini.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na mume wangu ni yule mtu wa mto ambaye hapa kwetu kila mtu anamjua, ndiye aliyeng'ang'ana miaka yote kwamba kiwanda cha ngozi kinamwaga sumu mtoni, akatukanwa, akafukuzwa kazi ya ualimu, jikoni kwetu rafu nzima imejaa chupa za maji aliyochota hata sahani sina pa kuziweka, na sikulalamika kwa sababu anasema kweli, yale maji yananuka, yanawasha, samaki wanaelea tumbo juu. Sasa anagombea ubunge, na bendera zake zote nimezishona mimi.

Mwaka jana tulipata mtoto wa kike, akazaliwa kabla ya wakati, hakumaliza wiki. Daktari alituambia mapafu yalikuwa hayajakomaa, mume wangu akamuuliza kama ni yale maji, daktari akasema, "Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema siyo." Tukazika, tukarudi nyumbani, na mume wangu hakulia mbele yangu hata mara moja, nikajisemea labda wanaume ndivyo walivyo.

Kampeni zilipoanza hali ilikuwa mbaya, akieleza habari za maji watu wanaangalia simu, wengine wanazomea kwa kuwa wanakula kwa kiwanda hicho hicho, mpaka siku moja, mshauri, nimesimama nyuma kabisa na bendera yangu, nikamwona anainua chupa kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anainua shali ya mtoto, ile niliyoipinda kingo mwenyewe, iliyokuwa kabatini chini ya nguo zangu, akasema, "Kiwanda kimemuua mwanangu," akamtaja kwa jina, jina ambalo mimi hadi leo silitamki, watu wakaweka simu zao mfukoni, kina mama wakalia. Tangu hapo uwanja unajaa. Shali anaibeba kila mkutano, imeanza kuchakaa, inanuka jasho lake.

Sasa wifi yangu, ambaye ndiye meneja wa kampeni, anataka nipande jukwaani mimi kwenye mkutano wa kufunga kampeni, Jumamosi hii. "Wifi, watu wamemsikia baba, sasa wanataka kumwona mama. Useme tu ni maji. Sentensi moja." Nikamwambia sijui kama ni maji. Akasema, "Na nani anajua kwamba siyo?" Mume wangu alikuwa hapo hapo anakunywa chai, hakuinua macho, akasema, "Mke wangu, tukishindwa, mto ndiyo basi tena." Mshauri, nikikataa nitakuwa nimeua mto, nikikubali nitakuwa nimemuuza mwanangu, hata kutia uzi kwenye sindano kunanishinda. Nifanye nini?

Mke wa mtu wa mto

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mtoto kwanza, maana barua yako nzima sijaona mtu aliyekupa.

Sasa sikiliza. Usipande. Hujui ni nini kilichomuua, basi usiseme unajua. Huyo wifi yako, kama anaona sentensi moja ni jambo dogo, akaiseme juu ya mtoto wake. Tena fikirini: kiwanda kina mawakili. Siku watakapomleta yule daktari aseme alichowaambia, hata zile chupa za kweli zitaonekana za uongo. Mumeo ana ushahidi rafu nzima, kauacha, kaenda kushika asichokuwa na uhakika nacho.

Lakini na wewe nikuseme. Uliiona shali jukwaani, ukafanya nini? Ukarudi kwenye cherehani ukamshonea bendera nyingine. Ulitaka ajue vipi kwamba unaumia, asome kwenye mshono? Mtu aliyelewa makofi hasikii mpaka ashikwe bega, na wewe bega hukulishika. Na uache kujibebesha mto. Mto wanauua wanaoumwagia sumu.

Leo hii mwombe wifi yako atoke nje, umwambie mumeo mambo mawili tu: shali hairudi jukwaani, na mimi sipandi. Usibembeleze, usipige kelele. Shali yenyewe itoe kwenye mfuko wake ukaiweke kwa mama yako, kwa sababu njia ya kabatini anaijua. Sikudanganyi kwamba ataelewa. Nadhani atakasirika. Nadhani na uchaguzi anaweza kushindwa, maji yakazidi kuoza, na ndugu zake wakasema ni wewe, tena watasema kwa muda mrefu. Sina dawa ya hilo. Itabidi ulivumilie.

Jumamosi, saa ile ile ya mkutano, nenda kaburini kwa mwanao. Mwambie mumeo mapema kwamba utakuwa huko, na kwamba hujawahi kulia naye. Akija, kaeni, hata msiposema neno. Asipokuja, fungasha nguo zako uende kwa mama yako, na usingoje matokeo.