Nyumba Isiyoungua

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kile kidole ulichokikwangua kwa randa kimepona. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya boneti ya gari, na upepo unaivuta kana kwamba unataka kuisoma kabla yako. Ningekupigia, ila simu zangu hupokei tangu nilipokigusa kibaraza chako. Basi dereva wa lori la kokoto anashuka mjini sasa hivi. Nimemwambia akupe mkononi, na akusubiri.

Uchungu wako naujua. Kibaraza kile cha mbao ulimtengenezea mama kwa mikono yako, nami nikakikata kwa msumeno siku ambayo hukuwepo. Ulinisema mbele za watu, kwamba aliyeanza kazi kwa kuziba mabati yaliyotoboka hawezi kujua uzuri wa mbao, na kwamba nimemjengea mama kopo la biskuti. Wakacheka. Hata hili jina la Debe ni wewe uliyenibandika, likanganda mpaka kwenye vibao vya kazi zangu. Sawa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini hesabu haina kinyongo, kaka. Moto wa msituni hutanguliza cheche. Zinapeperuka na upepo zikitafuta pa kulala, na kibaraza kilichoshikana na ukuta ni kitanda zilichotandikiwa. Ndiyo maana nilikiondoa, nikang'oa maua mita moja na nusu kuizunguka nyumba nzima, nikamwaga kokoto. Kila tundu la hewa nikalifunga wavu wa chuma wa milimita mbili, hewa ipite, cheche ibaki nje. Msimu uliopita moto uliposhuka, mama tulikuwa tumeshamtoa. Tuliporudi nyumba imesimama, na pale palipokuwa na kibaraza kokoto zilikuwa nyeusi kwa cheche zilizokufa. Uliziona. Ulizipiga teke tu.

Sasa moto umevuka bonde, na huu si ule. Mvua imetukimbia misimu miwili, miti imekauka mpaka mizizi. Watu wa zimamoto wamepita na kipaza sauti, kila mtu ashuke. Mama amekataa. Amewaambia kwamba mwanawe amemjengea nyumba isiyoungua, waende wakawaokoe wenye nyumba za kawaida. Tena amemkaribisha mzee jirani na mkewe. Wale walikuwa wameshafunga mizigo, wameifungua, wako sebuleni wanakunywa chai. Nilipogonga, mama alinijibu dirishani kwamba nisimwaibishe mbele ya wageni kwa kuikana kazi yangu mwenyewe, kisha akafunga vifuniko vya chuma. Nimeujaribu mlango kwa bega, nimeujaribu kwa mtaimbo. Mlango ule niliujenga mimi, kaka. Haufunguki. Kwa mara ya kwanza nimetamani ningekuwa fundi mbaya.

Nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Nilipomkabidhi funguo nilisema nyumba hii inastahimili moto. Mama akawatangazia majirani kwamba haiungui. Nilisikia. Kustahimili na kutoungua ni vitu viwili, na pale uani mwenye kujua tofauti nilikuwa mimi peke yangu. Lakini maisha yangu yote nimemsikia mama akivisifu viti vyako, na siku ile ilikuwa zamu yangu. Neno lilikuwa tamu, nikaliacha lipite. Nyumba ile niliipigia hesabu isimame ikiwa tupu, mama ameshashuka. Mtu aliye ndani sikumpigia hesabu. Wavu unazuia cheche, moshi unapita kama hewa, na mapafu ya mama unayajua.

Mimi hanisikii tena, anadhani najishusha. Wewe ni kifungua mimba wake, ukimwambia jua ni la mbao atataka kulibishia hodi. Barabara ya chini bado iko wazi. Panda na dereva huyohuyo, usimame pale dirishani, umwambie nyumba ya Debe ni mbovu. Mwambie nimelipua kazi. Mwambie ni kopo la biskuti. Sema kwa sauti, wale majirani wasikie, na ucheke kama ulivyocheka siku ile. Miaka yote nimekuomba uache kuidharau kazi yangu. Leo nakuomba usinipunguzie hata neno moja. Nitakuwa nyuma yako, nimeinamisha kichwa, nitakubali kila utakalosema.

Msalimie wifi, umwambie atandike kitanda cha mama na godoro la wageni wawili. Hii usiijibu. Dereva ameacha injini inanguruma.

Mdogo wako,
Debe