Mstari Ambao Hawakuuvuka

Kensington, Johannesburg

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii ikukute umeketi vizuri, miguu umeinyoosha, na dada Mwanaisha yuko karibu akusomee polepole. Magoti yanaendeleaje? Na dawa ya presha, unakunywa kila asubuhi au mpaka Mwanaisha agombe? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Naandika nikiwa kwa baba mdogo Athumani, katika kile chumba cha nyuma ya duka nilichofikia siku ya kwanza nilipokuja Joburg. Kitanda ni kilekile, ila sasa miguu yangu inaning'inia nje.

Najua tunaongea kwa simu. Lakini kwenye simu wewe huniuliza nimekula nini, na salio huisha kabla sijaeleza lolote. Leo nataka nikusimulie kwa utulivu, kwa sababu tumeshinda, Mama, na nataka ujue tulivyoshinda.

Kwanza kazi yenyewe. Umesema watu wa Ngamiani wanakuuliza mwanao anafunga magoli mangapi huko Marekani, na wewe unakosa la kujibu. Waambie sifungi. Mpira wetu hauchezwi kwa miguu. Umechongoka kama embe. Mtu anaukumbatia na kukimbia nao, na wenzake wanamfungulia njia kwa vifua. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea mbele. Wakishindwa, wananyang'anywa. Mimi ni mlinzi. Nasimama katikati, namsoma anayekuja, namwangusha kabla hajapita. Mlinzi akifanya kazi yake sawasawa hakuna kinachotokea, ndiyo maana hasifiwi sana.

Kisigino changu unakijua, kwa kuwa ulikililia. Ila sijawahi kukueleza mshipa wake ulivyokatika. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nageuka tu, nikasikia kama mtu amenipiga teke kwa nyuma. Nikatazama, hakuna mtu. Nikajaribu kupiga hatua, mguu ukawa si wangu. Timu ilinitibu vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Lakini nilipoacha magongo, meneja aliniita ofisini akanipa kiti, akasema, "Tunakushukuru kwa yote." Siku hizi nikisikia mkubwa anashukuru kwa yote, najua ni wakati wa kufunga mizigo.

Nikarudi hapa Kensington. Nililala, Mama. Asubuhi nimelala, mchana nimelala, baba mdogo anapita na maboksi ya duka kando yangu. Yeye ni mpole, alinivumilia. Aliyechoka ni mama mdogo Goreti. Hujamwona bado, lakini unamjua kwa sauti, yule mke wake Mrundi anayekuita "dada" kwa nguvu mpaka simu inakwaruza. Siku moja aliingia akafungua pazia, akasimama juu yangu.

"Weye, utalala mpaka lini?"

"Mguu unauma, mama mdogo."

"Mimi nilitoka kwetu kwa mguu, na mimba, mpaka kambini. Kila mguu unauma. Vaa viatu."

Nikavaa. Nyuma ya mtaa wetu kuna mlima wa mawe, barabara inapanda kwa kukunjakunja. Tukaanza kuupanda pamoja kila siku, yeye na kitenge chake na mwavuli, mimi nachechemea nyuma. Mkongo mmoja mwenye saluni pale kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, alikuwa akituona anatoka na mashine yake mkononi. "Eish, ndugu yangu," ananiambia, "mama anakushinda." Na kweli alikuwa ananishinda. Akifika juu ananingoja, hanipongezi, anasema tu, "Tushuke." Ikapita baridi yote hivyo. Siku niliyompita kwenye kona ya mwisho, alisimama akafunga mwavuli, akasema kuanzia kesho niende peke yangu, yeye ana kazi zake.

Timu nilizoziandikia zilinikatalia, nyingine hazikujibu. Mwishowe moja ikaniita Marekani kwa majaribio. Kocha wa walinzi ni mzee mfupi anayetafuna vijiti vya meno. Alinitazama nikikimbia, kisha akasema, "Umri umekwenda, na mguu umeshonwa. Vijana wangu wana kasi kuliko wewe. Nikuchukue kwa nini?"

Nikamjibu, "Kwa sababu nitajua mpira unakwenda wapi kabla yao."

Akanichukua kuwa mtu wa akiba. Nilikaa benchi nikawa nasoma wapinzani kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Yule niliyekuwa nyuma yake akaumia bega, nikaingia, na sikutoka tena. Tukashinda, tukashinda, mpaka tukafika fainali.

Sasa sikiliza, Mama. Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi chache. Wapinzani wakasogea, wakasogea, mpaka wakafika mlangoni petu, wamebakiza hatua moja na nafasi moja. Wakivuka mstari, wao mabingwa. Uwanja ulikuwa na kelele kiasi kwamba sisikii pumzi yangu mwenyewe. Nikamtazama pande la mtu aliyeinama mbele yangu. Usiku na mchana nilikuwa nimemsoma yule. Akitaka kurudi nyuma kumlinda mrusha mpira, vidole vyake hugusa nyasi kidogo tu. Safari hii vilikuwa vimezama. Mwili wote umelalia mkono. Nikajua wanakuja kwa nguvu, na wanakuja kwangu.

Nikawapigia kelele wenzangu, "Kati! Wanapita kati!" Wakajibana. Mpira ukachezwa. Yule bwana akanijia kama lori, nikampa bega nikateleza ubavuni mwake, na nyuma yake ndipo nikamkuta mkimbiaji, kesharuka, mpira kifuani. Nilijisukuma kwa mguu ule ule, Mama, ulioshonwa. Nikakutana naye hewani. Tulipoanguka nilimshika kiunoni sikumwachia, na watu wakatuangukia juu mpaka giza.

Mwamuzi akaja akatufukua mmoja mmoja. Mpira ulikuwa haujavuka mstari, umebakiza upana wa kiganja. Akanyoosha mkono kuonyesha kwamba mpira ni wetu.

Kocha alinikimbilia, yule mzee ambaye hakimbii, akanishika kofia yangu ngumu ya mchezo kwa mikono miwili. "Mguu?" akauliza. Nikamwambia upo. Akalia, nami nikalia. Nikasema alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka.

Huku wote walikesha kwenye saluni ya yule Mkongo. Baba mdogo anasema alijifunga macho kwa kilemba cha mkewe asione, akawa anauliza, "Wamevuka? Wamevuka?" Nilipotua uwanja wa ndege, mama mdogo alikuwa mbele ya watu wote, amevaa nguo za kanisani. Hakunikumbatia kwanza. Aliinama mbele ya watu akanishika kisigino, akakibonyeza, akasikiliza kama daktari. Kisha ndipo akapiga vigelegele, na watu nisiowajua wakapokea.

Nina habari nyingine. Timu imeniongezea mkataba, na nimechaguliwa nahodha wa walinzi. Kocha alinipigia mwenyewe.

Nisalimie dada Mwanaisha, na mumewe, fundi wetu. Mwambie mjomba Hemedi, msomaji mkubwa wa magazeti, kwamba safari hii aliyeandikwa ni mlinzi. Nisalimie na bibi jirani anayekuletea maji ya dafu. Baba mdogo na mama mdogo wanakusalimu sana, na binti yao Neema, ambaye ukimsemesha Kiswahili anajibu Kizulu, amesema hivi sasa "shikamoo mama mkubwa" bila kufundishwa.

Nitafika Tanga kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Usimwambie mtu hapo mtaani. Ukishindwa kuvumilia, waambie wote.

Mwanao akupendaye,
Idrisa