Jirani Aliyemwamsha Mama

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kalinzi hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwachia, na kahawa imeanza kuiva.

Uliniuliza kwenye simu kama nimeelewa masomo yako: kwamba ndani ya DNA yetu mna vipande vinavyohama, na kimoja kikitua jirani na jeni kinaweza kuiwasha au kuizima, jeni yenyewe ikabaki ileile. Nimeelewa. Niliyaona hayo nikiwa binti.

Wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamishwa, na jirani yetu akawa Mama Zaina, mjane wa Kikongo kutoka Ujiji. Tangu baba afariki nikiwa mchanga, mama hakuwahi kuimba. Mama Zaina alitwanga sombe, yaani kisamvu, huku akiimba. Jioni moja mama akaacha kupepeta, akamwitikia toka uani kwetu.

"Mama, kumbe unajua kuimba!"

"Sauti ninayo siku zote," akasema.

Wakawa wanaitikiana kila jioni, mpaka Mama Zaina aliporudi Ujiji. Mama akanyamaza tena. Sauti yake haikwenda popote. Aliyeiamsha ndiye aliyekwenda.

Kwa hiyo usinilaumu nikiwa kimya kwenye simu, Neema. Sauti ninayo. Wewe ndiye uliyehama.

Bibi yako